Bisibisi Nzuri ni Akiba ya Nyumba

Akina mama wenzetu, tukienda sokoni si rahisi mtu kutudanganya. Maharage tunayashika mkononi, tunayapuliza vumbi, tunatazama kama yametobolewa na wadudu. Sufuria tunaigonga kwa kidole tusikie uzito wake. Kitenge tunakigeuza tuone kama rangi imepenya upande wa pili. Lakini tukifika kwenye duka la vifaa vya ufundi, ujuzi huo wote tunauacha mlangoni. Tunasema, "Nipe bisibisi," na chochote tunachopewa tunakipokea, kwa kuwa tumezoea kufikiri kwamba hayo ni mambo ya baba.

Lakini tazama nyumbani mwako. Kuna cherehani, kuna baiskeli, kuna feni, kuna vitu vya watoto vya kuchezea. Baba akiwa safarini, wanaokaza skrubu hizo ni mama na watoto. Kwa hiyo mwezi huu tungependa kuzungumza nanyi juu ya chombo kimoja kidogo, yaani bisibisi ya pembe sita. Ncha yake si bapa wala si ya nyota. Ina pande sita zilizo sawa, nayo huingia katika tundu lenye pande sita kwenye skrubu. Ile iliyopinda kama herufi L mafundi wengi huiita alenki. Ile iliyonyooka na yenye mpini ndiyo bisibisi hasa.

Sisi tunaoandika haya ni kikundi cha akina mama wa kanisa moja hapa Tunduma, na kazi yetu ni kushona sare za shule. Habari za chombo hiki tulijifunza kwa njia ya kigari cha mtoto.

Kigari kutoka Lusaka

Tunduma ni mji wa mpakani, katika Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Ng'ambo yetu ni Nakonde ya Zambia. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam inapita hapa, na malori yanayokwenda Lusaka na Lubumbashi hupanga foleni mbele ya nyumba zetu. Mtoto wa kiume akifikisha miaka 12 au 13, mpaka humwita. Kuna mizigo ya kubeba, kuna kwacha za kubadilisha, kuna fedha ya haraka. Akishaionja, daftari huwa chungu kwake.

Mtoto wa mwenzetu mmoja alianza hivyo. Mama yake aliitwa shuleni mara mbili. Baba ni dereva wa lori, akikaa nyumbani siku mbili basi haonekani tena kwa wiki tatu. Safari moja alirudi na kigari cha kuendesha kwa rimoti, alichokinunua Lusaka kikiwa kimekwisha kutumika. Hakikuwa kile cha plastiki cha kuchezea siku moja na kutupwa. Kilikuwa cha aina ile ambayo hata watu wazima huipenda, chenye fremu, springi kwenye kila gurudumu, gia, na mota inayoweza kutolewa na kurudishwa. Kila kitu kilifungwa kwa skrubu ndogo za pembe sita. Baba akafanya mapatano na mwanawe: "Nikiwa safarini wewe ndiye fundi. Nikirudi tunakiendesha pamoja."

Kwa miezi mitatu mtoto yule hakuonekana mpakani. Akitoka shule na kumaliza kazi za nyumbani, alikaa kibarazani akipangusa vumbi la kigari, akifungua na kufunga, na kuandika katika daftari skrubu ipi imetoka wapi.

Ndipo siku moja kigari kikagoma. Mota ilizunguka, lakini magurudumu yalisimama. Mtoto aligundua sababu yeye mwenyewe. Gia ndogo iliyo kwenye mhimili wa mota ilikuwa imelegea, nayo hushikwa na skrubu moja isiyo na kichwa, ndogo kama punje ya mtama. Mjomba wake, kwa moyo mwema, akamnunulia seti ya vipande 30 ndani ya kisanduku kinachong'aa. Mtoto akaingiza bisibisi, akazungusha mara ya kwanza, akazungusha mara ya pili, na ncha ikajisokota kama mshumaa uliopata joto. Tundu la skrubu, lililokuwa na pembe sita, likawa duara. Skrubu haikukaza wala haikutoka.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano, na baba alitazamiwa Jumamosi. Jioni ile mtoto alikisukuma kigari chini ya kitanda akaenda mpakani. Alirudi saa nne usiku akiwa na noti ya kwacha mfukoni. Kesho yake mama yake alikuja kazini na kigari kimefungwa katika kitenge, akakiweka mezani katikati ya mashine zetu. Hakusema mengi. Sote tulielewa kwamba tatizo lililowekwa pale mezani lilikuwa kubwa kuliko kigari.

Mzee fundi alivyotueleza

Tulimwita mzee anayetutengenezea cherehani. Alivaa miwani, akakigeuza kigari, akaitazama skrubu kwa muda mrefu. "Wanangu," alisema, "mtoto huyu hana kosa. Aliyeharibu hapa ni chuma kibovu."

Akatueleza hivi. Katika skrubu ya pembe sita, nguvu ya mkono hugawanywa katika pembe zote sita. Ili kazi hiyo ifanyike, bisibisi inapaswa kuwa ngumu kuliko skrubu, tena ilijaze tundu bila kucheza. Ikiwa chuma chake ni laini, pembe zake hulala. Zikishalala, bisibisi huzunguka ndani ya tundu kama mwiko ndani ya chungu, na kila mzunguko hukwangua pembe za skrubu. Hapo ndipo hasara yenyewe ilipo. Kisu butu kikishindwa kukata nyama, nyama hubaki salama. Lakini bisibisi mbovu huharibu na kile inachokigusa.

Skrubu za namna hii zilienea kwa sababu ambayo kila mwanamke anayefanya kazi karibu na mashine ataielewa. Katika viwanda vya zamani, skrubu zilizoshika mapuli kwenye mihimili zilikuwa na vichwa vilivyochomoza, navyo vilinasa nguo za wafanyakazi na kuwavuta ndani ya mashine. Mwaka 1910 William G. Allen, wa Hartford huko Marekani, alipata hati ya kutengeneza skrubu zenye tundu la pembe sita, ambazo hazina haja ya kuchomoza kichwa. Jina lake ndilo tunalolitaja bila kujua tunaposema alenki.

Kisha mzee akaonyesha namna ya kuitoa skrubu iliyoharibika. Kwanza aliipasha moto kidogo kwa pasi ya kulehemu, maana watengenezaji wengi hutia gundi maalumu ili skrubu isilegezwe na mtikisiko, na gundi hiyo hulainika kwa joto. Halafu alichukua alenki ya kipimo cha inchi, ile ya sehemu moja ya kumi na sita. Hiyo ina unene wa karibu milimita 1.59, wakati tundu lile lilitengenezwa kwa milimita 1.5. Aliigonga taratibu kwa nyundo ndogo mpaka ikashika, akazungusha, na skrubu ikatoka. Katika kopo lake akapata nyingine inayolingana, akaifunga katika karatasi. "Hii ataifunga mwenyewe," alisema. "Lakini si kwa kile kisanduku."

Namba nne zinatosha

Jambo la kwanza alilotufundisha ni kwamba hatuhitaji vipande 30. Kwa vigari vingi vya aina hii vinavyotumia vipimo vya milimita, namba nne hufanya karibu kazi yote: 1.5, 2.0, 2.5 na 3.0. Lakini mama ajihadhari, kwa sababu skrubu zenye unene mmoja zinaweza kutaka bisibisi tofauti. Skrubu ya unene wa milimita 3 isiyo na kichwa hufunguliwa kwa 1.5, yenye kichwa cha kuviringika kama kifungo hufunguliwa kwa 2.0, na yenye kichwa kirefu kama kopo hufunguliwa kwa 2.5. Kwa hiyo tusikisie kwa macho. Bisibisi sahihi huingia mpaka chini, na ukiitikisa haichezi.

Hatari kubwa iko kwenye vigari vya zamani kutoka Marekani, ambavyo vingi vilifungwa kwa vipimo vya inchi. Namba 1.5 huingia kwa urahisi katika tundu la sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, nawe ukafikiri umepata. Lakini imepwaya, na ukikaza itakwangua. Ikipwaya hata kidogo, iache utafute kipimo chake.

Vigari vya Kijapani vina jambo lao. Kampuni ya Tamiya, iliyoanza kutoa magari ya rimoti mwaka 1976 kwa mfano wa Porsche 934, hutumia sana skrubu za msalaba za kipimo cha Kijapani. Bisibisi yetu ya kawaida ya nyota huelekea kupanda na kutoka nje ya skrubu hizo. Skrubu za aina hiyo mara nyingi zina alama ya nukta ndogo kichwani. Mwenye kigari cha namna hiyo atafute bisibisi yake.

Mambo ya kutazama dukani

Kwanza, uliza chuma. Sisi wa Songwe tusione ajabu kusikia kwamba chuma kina tabaka na tabia. Kule Ndolezi, wilayani Mbozi, kiko Kimondo kilichoanguka kutoka angani, chenye urefu wa karibu mita 3, nacho ni chuma kilichochanganyika na nikeli. Wazee wa Kinyiha nao walikuwa wahunzi hodari waliojua kuyeyusha chuma na kufua majembe. Bisibisi nzuri hutengenezwa kwa chuma kilichochanganywa na madini mengine ili kiwe kigumu bila kukatika. Tazama kama imepigwa chapa ya S2, ambacho ni chuma kigumu cha vifaa, au Cr-V, yaani chuma chenye kromu na vanadi. Kwa namba ndogo kama 1.5, S2 ni bora zaidi. Ikiwa haina chapa ya chuma wala namba ya kipimo, mtengenezaji ameona haya kujitambulisha.

Pili, usiamini chapa peke yake, kwa maana herufi mtu yeyote anaweza kuzipiga. Tazama ncha kwenye mwanga. Pande sita ziwe bapa na sawa, na kingo ziwe kali kiasi cha kuzihisi kwa ukucha. Kingo zilizoviringika kabla ya kazi zitaviringika zaidi baada ya kazi.

Tatu, nenda dukani na skrubu mpya mfukoni, ya kipimo unachokijua. Ijaribu hapo hapo mbele ya muuzaji. Ikicheza, irudishe.

Nne, rangi ya dhahabu isikuvutie. Baadhi ya bisibisi nzuri hupakwa tabaka gumu la rangi hiyo, lakini nyingine ni mapambo tu, na tabaka la juu haliwezi kukigeuza chuma laini kuwa kigumu. Ukifika nyumbani, pitisha tupa taratibu kwenye shina, mbali na ncha. Chuma kigumu huiteleza tupa. Chuma laini huliwa nayo. Basi utajua duka gani la kurudi na duka gani la kupita.

Tano, elewa ncha ya mviringo. Zipo bisibisi ambazo ncha yake imechongwa kama shanga, ili iweze kuingia skrubu kwa pembeni mahali pasipofikika. Zinasaidia sana, lakini shingo ya shanga hiyo ni nyembamba. Usiitumie kulegeza skrubu iliyogoma wala kukaza mara ya mwisho.

Sita, shika mpini. Mkono wa mtoto uweze kuushika wote, tena shina lisizunguke ndani yake.

Wale wenye ndugu huko nje wanaouliza, "Niwaletee nini?" waweza kutaja majina kama Bondhus na MIP za Marekani, Wera na Wiha za Ujerumani, au PB ya Uswisi. Hata hivyo jina zuri huweza kughushiwa, kwa hiyo majaribio yale yafanyeni hata kwa zawadi.

Kutumia na kutunza

Kabla ya kuingiza bisibisi, toa vumbi ndani ya tundu. Sisi hutumia sindano kuukuu ya cherehani, maana vumbi jekundu la kwetu likikaa chini ya tundu huizuia ncha kufika mwisho. Sukuma kwanza, ndipo uzungushe. Ikigoma, acha, ipashe moto kidogo, ujaribu tena. Penye plastiki, kaza mpaka iguse, kisha ongeza kidogo tu.

Kingo za alenki zikilika, usiitupe mara moja. Fundi mwenye jiwe la kunolea anaweza kukata kipande kidogo cha ncha hiyo na kuiacha pande mpya chini yake. Amwambie aichovye majini mara kwa mara, kwa sababu chuma kikigeuka rangi ya buluu kwa joto, ugumu wake umepungua.

Kikundi chetu kilinunua zile namba nne. Bei yake ilitoshana na kuku watano, na kisanduku kile cha vipande 30 hakikufikia bei ya kuku mmoja. Wako waliouliza kama tumerukwa na akili. Lakini mota ya mashine yetu moja ina puli iliyofungwa kwa skrubu ya aina ile ile isiyo na kichwa. Tundu hilo likiharibika mwezi Desemba, wakati wazazi wanasubiri sare za Januari, kuku watano wasingetosha hata kumlipa fundi. Tulishona mfuko wa kitambaa wenye vijumba vinne, na kila kimoja tukakidarizi kwa uzi wa rangi yake. Anayeazima huandikwa jina katika daftari la kikundi. Mtoto naye huandikwa.

Chuma butu na nguvu za mama

Katika Mhubiri sura ya 10 Maandiko yanasema juu ya chuma kilichokuwa butu ambacho hakikunolewa, na jinsi mtu anavyolazimika kuongeza nguvu. Akina mama wangapi leo wanaongeza nguvu mahali palipohitaji chombo kizuri? Na katika 1 Samweli sura ya 13 tunasoma juu ya siku ambazo Israeli haikuwa na mhunzi, hata watu walilazimika kuwaendea Wafilisti ili wanoe majembe yao, tena kwa malipo. Nyumba isiyo na vyombo, na isiyo na mtu ajuaye kuvitumia, itamwendea mwingine kila siku na mkoba wazi.

Mtasema, mtoto je? Ijumaa ile alikuja kwetu baada ya shule, akatuamkia, akaifunga skrubu mpya mwenyewe, mzee akiwa amesimama pembeni na mikono nyuma. Jumamosi baba hakufika. Lori lilikwama kwenye foleni ya Kasumbalesa, na alifika Jumanne. Tulikuwa na hofu juu ya siku hizo tatu. Mtoto alikiendesha kigari peke yake Jumapili jioni, na Jumatatu akaenda shule.

Hatuwezi kusema kwamba bisibisi imemwokoa. Anayeokoa ni Mungu, na mpaka uko pale pale. Wakati wa likizo alikwenda tena siku mbili, na mama yake angali anapiga magoti kwa ajili yake. Lakini sasa yeye ndiye anayekaza puli za mashine zetu, na binti mmoja wa kikundi amekuja kujifunza kwake, jambo lililotufurahisha sana, maana mikono ya wasichana nayo ilipewa vidole kumi.

Mama mpenzi, mtoto aliyepewa chombo kibovu hujifunza kwamba kazi haiwezekani. Huona amejitahidi na ameshindwa, naye hajui kwamba kosa lilikuwa la chuma. Akirudia hivyo mara tatu, ataiacha kazi na kufuata njia nyepesi. Kwa hiyo unapopanga fedha kidogo ya nyumba, usidharau vyombo vidogo. Nunua vichache, vizuri, tena ukiwa na skrubu yako mfukoni. Kisha vikabidhi mikononi mwa mtoto, umwonyeshe pa kuviweka, na umwachie kazi aifanye.